Kuondoa shafti za balansi kwenye injini ya 4G64

Mitsubishi 4G64 ni injini ya petroli ya silinda nne, yenye ujazo wa cc 2,351, iliyofungwa kwenye pikapu nyingi za L200. Ndani ya bloku mna shafti mbili za balansi, moja kila upande, zinazozunguka kwa mielekeo inayopingana na kwa kasi maradufu ya kranki. Kranki ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, shafti huenda 6,000.

Kwa sababu konrodi huinamia upande kranki inapozunguka, pistoni huenda kasi zaidi ikiwa karibu na kilele cha silinda kuliko ikiwa chini. Ndiyo maana pistoni mbili zinazopanda hazifuti kabisa nguvu ya mbili zinazoshuka. Hubaki msukumo wa juu na chini, mara mbili kwa kila mzunguko wa kranki, nao hukua haraka: kasi ikitoka mizunguko 2,000 hadi 4,000, msukumo huwa mara nne. Kila shafti ina uzito ulioegemea upande mmoja ili kuupinga. Misukumo ya kando ya shafti hizo hufutana zenyewe kwa zenyewe, ikabaki ile ya wima inayohitajika. Porsche walipounda 944, walilipia haki ya kutumia ubunifu huu wa Mitsubishi.

Balaa huanzia kwenye mkanda mdogo unaoendesha shafti ya kulia, uliojificha nyuma ya mkanda wa taiming. Ukikatika, vipande vyake huweza kuingia kwenye mkanda mkubwa, taiming ikaruka na valvu zikagonga pistoni. Hapo ndipo mafundi wengi huamua kuutoa mkanda mdogo tu na kufunga injini. Hiyo ni nusu kazi, na ni nusu mbaya. Shafti ya kushoto imeungana na gia ya pampu ya oili, na pampu huendeshwa na mkanda wa taiming wenyewe, kwa hiyo shafti hiyo huendelea kuzunguka peke yake. Nusu ya mtikisiko wa wima hubaki, na msukumo wa kando wa shafti hiyo hauna tena wa kuupinga. Zitoke zote mbili, au zibaki zote mbili.

Kuzitoa kikamilifu kunadai kufungua kava ya mbele yenye pampu ya oili. Shafti ya kushoto huchomolewa na mahali pake huwekwa kipande kifupi kisicho na uzito, kinachoishikilia gia ya pampu. Ya kulia hutolewa bila mbadala, na tundu lake kwenye kava huzibwa kwa kifuniko. Gurudumu dogo la meno kwenye kranki hubaki, kwani linashika nafasi.

Sehemu inayoamua uhai wa injini ni njia za oili. Bushi za shafti hulishwa oili yenye presha. Shafti ikiondoka, matundu yake hubaki wazi na oili hurudi kwenye sampu kabla ya kufika inakohitajika. Bushi zisizotumika huzungushwa hadi tundu la bushi lisielekeane na tundu la bloku. Kisha presha hupimwa kwa geji injini ikiwa ya moto, kabla gari halijaingia barabarani. Injini ikiwa baridi, presha huweza kupanda kuliko awali, maana oili ina njia chache za kupita.

Bei ya kazi hii ni mtetemo, hasa kwenye kasi kubwa, na maunting za injini ndizo zinazoubeba. Kwa pikapu ya safari ndefu, kubadilisha mikanda yote miwili kwa pamoja ni matengenezo bora zaidi.

Anayezibakiza shafti hana budi kuhakikisha shafti ya kushoto haikukaa kinyume. Plagi iliyo upande wa kushoto wa bloku hufunguliwa na bisibisi ya milimita 8 huingizwa. Ikizama milimita 60 au zaidi, shafti iko sawa. Ikigota kwenye 20 hadi 25, gurudumu la pampu ya oili huzungushwa mzunguko mmoja kamili na kupimwa upya, na bisibisi huachwa humo hadi mkanda wa taiming ukae.