Meza ya Askofu katika « Les Misérables »

Wale kati yetu waliopita seminarini wanaijua hadithi ya Jean Valjean, maana vipande vyake tulivisoma na kuandikishwa kwa imla ya Kifaransa. Victor Hugo alikitoa kitabu hicho mwaka 1862, naye wakati ule alikuwa mkimbizi nje ya Ufaransa; kilichapishwa Bruxelles na Paris. Mwaka 1980 Claude-Michel Schönberg na Alain Boublil walikigeuza kuwa mchezo wa nyimbo huko Paris, na mwezi wa Oktoba 1985 ukaanza kuchezwa London kwa Kiingereza. Waandishi wengi wa magazeti waliusema vibaya, lakini watu walinunua tikiti bila kuwasikiliza.

Nami nimeuona pamoja na rafiki watatu, katika jumba la Sondheim, barabara ya Shaftesbury. Karibu nalo uko mtaa wa Wachina, na huko tulikula kwanza: wali na bata, upesi upesi, macho kwenye saa. Chakula cha namna hiyo hushibisha tumbo tu. Chakula cha urafiki ni kile tulichokula baadaye, mchezo ulipokwisha, kila mtu akiwa na neno lake. Nawashauri hivyo wote wanaokwenda kutazama michezo: msile sana kabla, mketi sana baada.

Basi, neno langu lilikuwa juu ya meza ya askofu. Valjean ametoka gerezani baada ya miaka 19, mitano kwa ajili ya mkate, 14 kwa sababu ya kutoroka tena na tena. Kila mlango unafungwa. Askofu anamkaribisha. Katika kitabu, Hugo hana haraka hapo. Anatuambia kilichokuwa mezani: supu ya maji, mafuta, mkate na chumvi, kipande cha nyama ya kondoo, tini, jibini, mkate mkubwa wa shayiri nyeusi, tena divai ya zamani iliyoongezwa kwa heshima ya mgeni. Askofu anamwita « bwana ». Halafu anatazama meza na kusema kwamba kuna kitu kimepungua. Mtumishi ameweka vijiko na uma za fedha kwa watu watatu tu. Desturi ya nyumba ni kwamba akija mgeni, zote sita huwekwa. Mama anatoka bila neno, anazileta zilizobaki. Tazameni sasa: fedha ile ile itakayoibwa usiku imewekwa mezani kwa heshima ya mwizi mwenyewe!

Jukwaani haya yote hupita kwa muda mfupi sana. Askofu anaimba maneno machache, Valjean anakula kwa pupa, anaiba, anakamatwa, anapewa na vinara juu yake. Muziki ni mzuri, sikatai. Lakini msamaha wa asubuhi unafanana na muujiza ulioanguka kutoka juu, na kwa Hugo ulianza jioni, kwa kijiko na kwa neno « bwana ». Ajabu ni kwamba Kanisa lilikitia kitabu hiki katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa, mwaka 1864; orodha yenyewe ilipoteza nguvu yake mwaka 1966. Ni vigumu kupata askofu mwema kuliko huyu katika vitabu vya wakati ule.

Kinyume chake, ile hoteli ya Thénardier imepewa nafasi tele. Mwenye nyumba anatia maji katika divai, anaongeza hesabu ya kila kitu, na watu wote jumbani wanacheka na kupiga makofi. Rafiki mmoja alisema lazima tucheke, la sivyo huzuni ya karibu saa tatu ingetuchosha. Ni kweli. Lakini Thénardier wa kitabu huwapora wafu wa vita vya Waterloo, na mtoto Cosette anateswa nyumbani mwake. Mtu akitoka amempenda mwizi wa wageni kuliko askofu aliyewapokea, mizani ya mchezo imeegemea upande mmoja.

Ninalousifu bila shaka ni wimbo wa Marius, peke yake mbele ya meza walipokuwa wakiketi wenzake waliouawa Juni 1832. (Wengi hudhani ni Mapinduzi ya 1789, sivyo.) Hakuna kelele hapo. Aliyewahi kurudi mahali alipokula na rafiki wasiokuwapo tena hahitaji kufasiriwa.

Juu ya Javert, yule polisi anayejitupa mtoni, hatukupatana hata kidogo. Mmoja alimwita mtu wa haki aliyeonewa na mtunzi. Mwingine, aliyekuwa amenyamaza muda wote, alisema kwamba katika mchezo mzima hakumwona Javert ameketi mezani na mtu yeyote. Tukabishana mpaka mwenye mkahawa akaleta hesabu.

Asiyeweza kufika London ataipata filamu ya mwaka 2012. Humo askofu anachezwa na Colm Wilkinson, yule yule aliyekuwa Valjean wa kwanza huko London mwaka 1985. Uso wake una upole unaofaa. Chakula chenyewe, humo pia, ni kifupi mno.