Madigadi ya mbele: sentimita 5 zinazoamua afya ya injini

Mvua zikianza kushika mwezi wa Oktoba, mafundi wa pikipiki wa Kamina huanza kupokea malalamiko yaleyale. Injini inakatakata ikipita dimbwini. Injini inachemka ingawa oili imebadilishwa. Shokapu za mbele zinavuja. Dereva anamshuku muuza petroli, fundi anabadili plagi, pesa inatoka na ugonjwa unabaki. Mara nyingi mkosaji ni kipande ambacho hakuna anayekitazama kabla hakijavunjika, yaani madigadi ya mbele.

Wengi wanaoamua kuirekebisha huirefusha au huipanua ili ifunike zaidi. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Madigadi ya mbele inapigana na maadui wawili, maji na tope, na dawa ya mmoja ni chakula cha mwenzake. Marekebisho yanayofaa barabara za Haut-Lomami ni yale yanayowatenganisha maadui hao na kumpa kila mmoja dawa yake.

Mazingira ya kazi yenyewe yanafahamika. Kamina, makao makuu ya jimbo tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, ni mji wa reli. Njia inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapa, mkono mmoja ukielekea Mwene-Ditu na Ilebo, mwingine ukielekea Kabalo. Lakini treni haifiki mashambani. Gunia la mahindi au la makala linalotoka upande wa Kabongo au Kaniama hupanda pikipiki au baiskeli na kupita barabara za udongo mwekundu ambazo malori yameshazichimba mifereji. Pikipiki zenyewe ni za silinda moja, za cc 125 au 150, zinazopozwa kwa upepo. Nyingi zimetoka kiwandani na madigadi fupi inayokumbatia tairi, yenye nafasi ya vidole viwili tu. Kwenye lami haina kasoro.

Tairi linavyorusha

Tone la maji likibanduka kwenye tairi hufuata njia iliyonyooka, kuelekea kule ambako sehemu hiyo ya tairi ilikuwa inakwenda wakati huo. Ukilitazama gurudumu la mbele kutoka ubavuni, sehemu ya tairi iliyotoka tu kugusa ardhi inaelekea nyuma na kuanza kupanda. Ikifika usawa wa ekseli inapanda wima. Ikifika juu kabisa inaelekea mbele. Kwa hiyo maji yanayobanduka chini huenda kwenye injini, na yanayobanduka usawa wa ekseli huruka juu kuelekea taa na usukani. Yale ya juu kabisa hutupwa mbele, upepo unayapunguza kasi, na dereva anakuja kukutana nayo kwa uso wake.

Kasi huongeza balaa haraka kuliko watu wanavyodhani. Kwa kilomita 30 kwa saa, tone lililorushwa wima lingeweza kupanda mita 3 na nusu kama hewa isingelizuia. Kwa kilomita 60 lingepanda mita 14. Kasi ikizidi mara mbili, kimo kinazidi mara nne.

Tope lina tabia nyingine. Chukua gurudumu la rimu ya inchi 18 na tairi la inchi 3, ambalo kutoka ekseli hadi ukingo ni kama sentimita 30. Kwa kilomita 40 kwa saa, nguvu inayolibandua tope kutoka kwenye tairi ni takriban mara 40 ya uzito wa tope lenyewe. Kwa kilomita 20 inashuka hadi mara 10. Kwa kilomita 5, mwendo wa mtu anayetembea, haifiki hata uzito wake mmoja. Ndiyo maana dereva mwenye magunia mawili nyuma, anayetambaa kwenye mfereji wa lori kwa gia ya kwanza, hujikuta gurudumu la mbele limekwama ingawa tope halijafika hata kwenye ekseli. Udongo haukurushwa. Ulipanda na tairi, ukasagwa chini ya madigadi, ukashikana kama bukari iliyosahauliwa mekoni. Mara inayofuata kinachozunguka ni tairi ndani ya tofali.

Kwa kifupi, maji ni tatizo la mwendo wa kasi na yanataka madigadi iwe karibu na ishuke chini. Tope ni tatizo la mwendo wa polepole na linataka madigadi ikae mbali na iwe wazi.

Waliotangulia kulitatua

Jeshi la Marekani lilikutana na tatizo hili katika Vita Kuu ya Pili. Pikipiki ya Harley-Davidson WLA ilitokana na ya kiraia, ambayo madigadi zake zilikuwa na mbavu zinazoshuka pembeni mwa tairi. Kwenye matope ya vita mbavu hizo zingekuwa mtego, kwa hiyo ziliondolewa ili udongo upate pa kutokea. Pikipiki za mashindano ya porini zilikwenda mbali zaidi. Madigadi yao imefungwa juu kabisa, chini ya usukani, na kati yake na tairi kuna nafasi ya kupitisha mkono. Haikwami kamwe, lakini injini inaoga.

Honda walishika njia nyingine mwaka 1958 na Super Cub. Japani ya wakati ule ilikuwa na barabara nyingi za udongo. Madigadi ya mbele ya Cub iliteremka sana nyuma ya gurudumu, na nyuma yake kukawekwa ngao za kukinga miguu. Kilichokuwa kipya zaidi ni malighafi. Sehemu hizo zilitengenezwa kwa plastiki ya polithini, nyepesi, isiyopata kutu, inayopinda bila kupasuka. Plastiki hiyo haina ugeni Kamina, kwa kuwa madumu ya njano ya mafuta ya kula yanayochotewa maji mitaani ni ya ukoo huohuo.

Kazi yenyewe

Hatua ya kwanza ni ya tope, nayo ni kuinua. Madigadi inafunguliwa, kisha vipande vifupi vya bomba la chuma vya sentimita 2 vinawekwa kati yake na daraja linaloibeba. Nafasi ya vidole viwili inakuwa ya vidole vitatu hivi. Daraja lenyewe lisikatwe wala kuondolewa. Kwenye pikipiki nyingi ndogo chuma hicho ndicho kinachozifunga shokapu mbili zisicheze kila moja upande wake, na ukilitoa usukani unalegea kwenye kona. Kama madigadi ina mbavu za pembeni zinazoshuka sana, zinapunguzwa kama walivyofanya wanajeshi.

Baada ya kuinua kuna ukaguzi ambao haupaswi kurukwa. Watu wawili waukandamize usukani kwa uzito wao wote hadi shokapu zifike mwisho, huku wa tatu akichungulia. Madigadi iliyoinuliwa inaweza kugonga honi, waya za taa au mhimili wa chini wa usukani. Ikigonga pale gereji, itagonga kwa nguvu zaidi kwenye shimo la kwanza la barabara ya Kaniama.

Hatua ya pili ni ya maji, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko zote. Madigadi nyingi za kiwandani huishia nyuma karibu na usawa wa ekseli, sentimita 30 kutoka ardhini. Robo nzima ya gurudumu iliyo chini yake iko wazi, ikiitazama injini. Badala ya kuirefusha kwa plastiki ngumu, ncha yake ya nyuma inafungwa ulimi wa mpira unaoning'inia wima.

Urefu wa ulimi huo ndio hesabu nzima. Ukiishia sentimita 20 kutoka ardhini, unazuia matone yote yanayopanda kwa mwinuko unaozidi digrii 45. Yanayoponyoka yanaendelea kupanda, na kwa kuwa injini iko kama sentimita 25 nyuma yake, yanaigonga kwenye kimo cha sentimita 45 hivi, ambako kuna mapezi ya silinda na plagi. Ongeza urefu wa ulimi kwa sentimita 5 tu, uishie sentimita 15 kutoka ardhini, na mwinuko wa yanayoponyoka unashuka hadi digrii 30. Yatagonga kwenye sentimita 30 au chini ya hapo, kwenye tumbo la injini, mahali palipofungwa na pasipojali maji. Plagi inakauka, mapezi hayazibwi na udongo unaokuja na maji hayo na yanabaki wazi kupokea upepo, injini inaacha kuchemka. Kushuka hadi sentimita 10 kungesaidia zaidi kwenye karatasi, lakini kwenye mfereji wa lori ulimi ungekuwa unaburuzwa muda wote.

Mpira wa kutumia nao unachaguliwa. Tyubu ya ndani ni laini mno. Upepo unaupeperusha ulimi nyuma hadi kwenye bomba la ekzosi, na hapo unaungua. Ubavu wa tairi ni mgumu na mzito, unavunja ncha ya madigadi. Unaofaa ni ule mkanda wa mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu ya lori. Unene wake unatosha kusimama dhidi ya upepo, na bado unapinda ukikutana na ukingo wa tope kisha unarudi mahali pake. Ncha ya madigadi ikiwa imepasuka, inatiwa kiraka cha plastiki ya dumu, kilichopashwa moto juu ya mbabula bila kuguswa na mwali, mpaka kilegee na kukubali mkunjo. Gundi haishiki plastiki hiyo, kwa hiyo ni bolti tu.

Bolti zenyewe zina mwelekeo. Kichwa cha duara kinakaa ndani, upande wa tairi, na nati inakaa nje. Fundi mwenye haraka hufanya kinyume kwa sababu ni rahisi kukaza, na ncha ya bolti inabaki ndani ikikusanya udongo na kulitafuta tairi. Upande wa nje kati ya nati na mpira inawekwa washa pana, na nati iwe ile yenye pete ya plastiki isiyolegea kwa mtikisiko. Madigadi ya mbele ikifunguka mwendoni na kuingia kwenye gurudumu, dereva na abiria wake wanarushwa kupita usukani.

Kisichotibika

Kazi hii haizuii kila kitu. Maji yanayokamuliwa pembeni tairi linapokanyaga dimbwi hayapandi na gurudumu, kwa hiyo hakuna madigadi inayoyagusa. Hayo ndiyo yanayolowesha viatu vya dereva na kanga ya mama aliyekaa nyuma. Dawa yake ni ngao za miguu kama zile za Cub, na madereva wengi hujitengenezea kwa turubai lililofungwa kwenye vyuma vya kinga. Zifungwe upande wa miguu tu. Turubai likivutwa mpaka mbele ya silinda, injini inayopozwa kwa upepo inanyimwa upepo, na gharama uliyookoa kwenye plagi utailipa kwenye pistoni.

Mwenye pesa ya kazi moja tu aanze na ulimi wa mpira, kwa sababu ndio rahisi na ndio unaolinda injini. Anayebeba mizigo vijijini aongeze kuinua. Anayefanya teksi mjini tu anaweza kuiacha madigadi pale ilipo. Na yeyote anayekwenda kununua madigadi mpya sokoni achukue rula, asitazame rangi wala urefu wa pua ya mbele. Apime inapoishia nyuma.