Riwaya Iliyoficha Rangi: Ufundi wa Lois Lowry katika The Giver

Katika sura ya tatu ya The Giver, Jonas na rafiki yake Asher wanarushiana tufaha. Ni mchezo wa kupitisha wakati tu. Tufaha likiwa hewani linabadilika, kufumba na kufumbua, kisha linarudi kuwa kama lilivyokuwa. Umbo ni lilelile, ukubwa ni uleule. Jonas analichukua kwa siri hadi nyumbani, analikagua kwa kioo cha kukuzia, analirusha chumbani na kulibingirisha juu ya meza, lakini haoni kitu. Tunaambiwa kwamba kwa kutazama tu, tufaha hilo halitofautiani sana na vazi alilovaa.

Wasomaji wengi huipita sentensi hiyo bila kusimama. Tunda na kitambaa vinawezaje kufanana machoni? Swali halijitokezi, kwa sababu kurasa zilizotangulia zimeshatuzoesha kutouliza. Hapo ndipo ulipo ufundi wa riwaya hii. Lois Lowry aliandika nusu nzima ya kitabu ndani ya dunia isiyo na rangi, asiseme kwamba haina rangi, na asimwambie msomaji uongo hata mahali pamoja.

Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1993 na mwaka uliofuata kikapata medali ya Newbery, tuzo kubwa ya fasihi ya watoto nchini humo. Jonas ana miaka 11, na inakaribia sherehe ambayo kila mtoto anayetimiza miaka 12 hupangiwa kazi ya maisha yake. Katika jamii yake hakuna njaa, vita wala ugomvi wa majirani. Ndoa hupangwa na wazee, na kila familia hupewa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Jonas anateuliwa kuwa Mpokeaji, mtu mmoja pekee anayebeba kumbukumbu za dunia ya zamani kwa niaba ya wote. Anayemfundisha ni mzee anayeitwa Mtoaji.

Tazama kwanza uteuzi wa msimulizi. Lowry angetumia msimulizi ajuaye yote, siri ingevuja ukurasa wa kwanza, maana ajuaye yote akipita bustanini anaona majani ni ya kijani na hana sababu ya kunyamaza. Angetumia nafsi ya kwanza, Jonas angekuwa anasimulia mambo yaliyokwisha kupita. Angekuwa anajua tayari, na kutuficha kungekuwa hila. Lowry akachagua nafsi ya tatu iliyofungiwa kichwani mwa Jonas. Maneno ni ya mwandishi, lakini macho ni ya mtoto. Asichokiona Jonas hakiandikwi, na asichokuwa na jina lake hakitajwi. Kutokana na kanuni hiyo moja, mengine yote yanafuata.

Kwa kuwa hawezi kutaja rangi, Lowry anatumia mwanga na giza. Watu karibu wote katika jamii hiyo wana macho yaliyokolea. Jonas ana macho maangavu, na kichanga Gabriel, ambaye baba yake Jonas anamleta nyumbani kwa matunzo ya ziada, ana macho kama hayo. Lily, mdogo wake Jonas, anaropoka mbele ya wote kwamba mtoto ana macho ya ajabu kama ya kaka yake, na anakemewa kwa utovu wa adabu. Msomaji anaona ameelezwa sura za watu. Kumbe hajaambiwa nguo zina rangi gani, wala nyumba, wala anga. Tunazipaka rangi sisi wenyewe tukisoma, bila kuombwa, na mwandishi anatuacha tufanye hivyo.

Kisha anaanza kufungua mlango kidogo kidogo. Baada ya tufaha, zinabadilika nyuso za watu waliojaa ukumbini siku ya sherehe. Halafu zinabadilika nywele za rafiki yake Fiona. Mwisho ni kigari cha kutelezea thelujini, ambacho Jonas amekipanda katika kumbukumbu ya kwanza aliyopewa na Mtoaji. Kila mara Lowry anarudia kitenzi kilekile kikavu, kubadilika, kwa sababu Jonas hana kingine. Ukavu huo una uzito wake katika kitabu hiki. Tupo katika jamii inayodai usahihi wa lugha kupita kiasi, ambamo Asher alipokuwa mdogo alikuwa akichapwa kwa kukosea tu neno la kuomba kitafunwa, mpaka kwa muda akaacha kusema kabisa. Katika mahali kama hapo, mvulana hodari wa maneno anakosa neno. Taharuki yote inatoka hapo, wala hakuna mtu anayemfukuza na silaha.

Neno lenyewe linatajwa sura ya 12, katika kitabu chenye sura 23. Mtoaji anamweleza kwamba ameanza kuona rangi nyekundu. Hapo msomaji anapigwa na jambo zito kuliko habari za tufaha. Anagundua kwamba kwa nusu kitabu ameishi kama raia wa jamii ile, ameridhika, na hakutambua alichonyang'anywa. Unarudi nyuma kutafuta mahali ulipodanganywa, hupati.

Mbinu hiyo ya kunyamaza anaitumia pia kwa jambo la kutisha zaidi. Katika jamii hii watu "huachiliwa". Ni tasfida, na Lowry anaisambaza mapema, kila mara kwa sauti tofauti. Katika sura ya kwanza rubani aliyekosea njia ataachiliwa, na kipaza sauti kinalitangaza kwa sauti yenye kicheko. Katika sura ya nne bibi mmoja katika nyumba ya wazee anasimulia jinsi mwenzake alivyoachiliwa baada ya sherehe tamu, akaingia mlangoni kwa furaha. Baba yake Jonas anasikitika kwamba pacha mmoja atabidi aachiliwe, kwani sheria hairuhusu wawili wanaofanana. Kwa mmoja neno ni adhabu, kwa mwingine ni heshima, kwa wa tatu ni shughuli ya ofisi. Ukichanganyikiwa hivyo, unaacha kuuliza.

Katika sura ya 19 Jonas anaangalia mkanda wa video wa baba yake akiwa kazini. Baba anawapima mapacha uzito, anaongea nao kwa sauti ile ya kubembeleza tuliyokwisha kuizoea mezani kwao, na yule mwepesi anamchoma sindano kwenye mshipa wa kichwa. Mtoto anarusharusha mikono na miguu, kisha analegea. Baba anamweka kwenye boksi, analisukumia kwenye shimo la taka, anamuaga. Angalia alivyopanga Lowry. Hakumbadilisha baba hata kidogo. Sauti ni ileile, upole ni uleule, na mzaha wake ni uleule. Mwandishi asiye na subira angempa uso wa muuaji, na tukio lingepoa palepale.

Fasihi yetu inayo njia ya pili ya kuisuta jamii kwa kubuni nchi. Shaaban Robert katika Kusadikika alituambia mapema kwamba nchi hiyo iko angani, akawapa wahusika majina yanayotangaza tabia zao: Karama mshtakiwa, Majivuno waziri anayemshtaki. Msomaji wa Kusadikika yuko nje ya mahakama tangu mwanzo na anajua aegemee upande gani. Njia hiyo inafaa unapotaka hoja isikike wazi, na Karama anatoa hoja hasa. Lowry alitaka msomaji awe ndani ya kosa kabla hajalitambua, na kwa kijana wa miaka 13 naona hilo lina nguvu ya pekee. Hahubiriwi chochote. Anajikuta ameshakubali.

Chanzo cha kazi hii Lowry alikieleza mwenyewe katika hotuba ya kupokea medali ya Newbery. Baba yake, daktari wa meno wa jeshi, alikuwa mzee katika nyumba ya matunzo, na kumbukumbu zilikuwa zikimtoka. Akitazama picha ya binti yake mkubwa, Helen, alikuwa amesahau kwamba alikufa kwa saratani akiwa angali kijana. Lowry akawaza juu ya watu ambao wangechagua kusahau kila kinachouma. Alikumbuka pia utoto wake Tokyo baada ya vita, familia yake ikiishi katika mtaa wa Wamarekani uliozungushiwa ua, naye akitoroka kwa baiskeli hadi Shibuya kwenye kelele na harufu. Baiskeli hiyo imo katika riwaya: ndiyo Jonas anayoitumia kuitoroka jamii yake, Gabriel akiwa kwenye kiti cha nyuma.

Kitabu kina udhaifu, na naupa uzito. Lowry haelezi jinsi rangi zilivyoondolewa machoni mwa watu, wala kwa nini kumbukumbu zirudi kwa wanajamii Mpokeaji akivuka mpaka. Ukikazana kuuliza, mtambo mzima unalegea. Anayapita haraka, na mara ya kwanza unayapita pamoja naye.

Filamu ya mwaka 2014 iliyoongozwa na Phillip Noyce, Jeff Bridges akiwa Mtoaji, ilianza kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe. Haikuwa na la kufanya. Kamera haina namna ya kunyamaza kuhusu tufaha, na mtazamaji anajua dakika ya kwanza kile ambacho msomaji hukijua katikati ya kitabu.

Sura ya mwisho ina theluji, kilima na kigari. Taa zinameta mbele, na sasa Lowry anazitaja rangi tatu kwa mpigo mmoja, nyekundu, buluu na njano, kwa urahisi wa mtu ambaye hazimshangazi tena. Jonas amedhoofika kwa baridi na njaa. Anadhani anasikia muziki. Amefika, au anakufa akiota? Vijana na walimu wao wamebishana sana juu ya hilo, na Lowry aliwajibu baadaye kwa kumrudisha Jonas akiwa mtu mzima katika Messenger ya mwaka 2004 na Son ya mwaka 2012. Naipenda riwaya ya kwanza ikisimama peke yake. Tangu mstari wa kwanza hatukuwahi kupewa macho mengine ila ya Jonas, kwa hiyo hatuna pa kusimama ili tuhakikishe kama zile taa zipo, na mwandishi hakuvunja kanuni yake ili atusaidie.