Maumivu ya kinena: picha hujibu swali lililoulizwa

Winga anatoka Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, akichechemea, mkono umeshika kinena, na kabla hajafika benchi ameshapewa jina la ugonjwa: ngiri. Wapo wanaoishia kwa wauza mizizi kwa sababu ya jina hilo. Wapo pia wanaotaka MRI siku hiyohiyo. Wote wameruka mikono ya daktari.

Mwaka 2014 wataalamu 24 walikutana Doha, Qatar, wakakubaliana kuyagawa maumivu haya kulingana na yanakotoka: misuli ya ndani ya paja, misuli inayokunja nyonga, mfereji wa kinena, mfupa wa kinena wenyewe, halafu kiungo cha nyonga. Mgawanyo huo hufanywa kwa kubonyeza na kupima nguvu za misuli. Mchezaji analala chali, daktari anaweka ngumi katikati ya magoti yake na kumwambia abane. Akikunja uso, akaonesha kwa kidole palepale msuli unapojishikiza mfupani, swali limepatikana. Sasa apigwe picha.

Eksirei hutangulia, ni nafuu, na huonesha kama shingo ya fupa la paja ina nundu inayokwaruza kingo za nyonga. Ultrasaundi hutazama mwili ukiwa kazini: mgonjwa anajikamua, mtaalamu anaangalia kama utumbo au mafuta yanasukumwa kwenye mfereji. Ngiri ya kweli hujulikana hapo.

MRI, ambayo hapa Dodoma ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Cha kutafuta ni zile picha ambazo mng'ao wa mafuta umezimwa. Mafuta yakishakuwa meusi, maji hung'aa, na mfupa uliochoshwa na mzigo huvuta maji. Kamstari keupe kanakoshuka kando ya maungio ya mifupa ya kinena, upande uleule unaouma, huashiria kwamba msuli umeanza kubanduka. Lakini weupe ndani ya mfupa huonekana hata kwa wanasoka wasioumwa chochote. Ndiyo maana nasisitiza ripoti isisomwe peke yake, mgonjwa hayupo; la sivyo tutawatibu wazima.

Kwa wakimbiaji kuna hatari kubwa zaidi. Kwa jirani zetu wa Singida ndiko alikozaliwa Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo 2025, na vijana wanaotamani kumfuata wanaongeza kilomita. Mzigo ukizidi kasi ya mfupa kujijenga, ufa huanza kwenye shingo ya fupa la paja, na maumivu yake husikika kinenani kama msuli tu. Wiki za mwanzo eksirei inaweza kutoka safi kabisa huku MRI ikiuonesha ufa waziwazi. Ukiwa upande wa chini wa shingo, mara nyingi hupona kwa magongo na mapumziko. Ukiwa upande wa juu, mfupa unaweza kukatika na kuhama, kichwa chake kikakosa damu. Mwenye ufa huo akimbizwe kwa daktari wa upasuaji wa mifupa.

Kocha, mkimbiaji wako akilalamikia kinena kila anapokanyaga, msimamishe leo. Usimwambie arukeruke kwa mguu mmoja ili umpime, na usimrudishe mazoezini kwa kuwa tu eksirei ni safi. Asubiri MRI.