Mpini wa -o: Kuyasoma Majina ya Vyombo vya Jikoni

Ingia duka la vyombo sokoni Kanyakine, Imenti Kusini, uombe chujio la chai. Utaeleweka, ila mwenye duka atakujibu kwa neno lake: "Kichungi cha waya ama cha plastiki?" Chombo ni kimoja, lakini majina haya mawili hayakukiona kwa jicho moja.

Chujio limeundwa kama jembe. Kitenzi chuja ndilo bapa, -o ya mwisho ndiyo mpini. Katikati pamepachikwa -i- ya kutendea: chujia, chujio. Yaani jina lenyewe linakiri kwamba chombo ni cha kuchujia tu, na mchujaji ni mwingine. Chekecheo limepita njia hiyo hiyo, isipokuwa -i- imegeuka -e- kuifuata irabu iliyotangulia.

Sasa tazama kifuniko. Mpini upo, -i- haipo: funika, kifuniko. Kizibo nacho vivyo hivyo: ziba, kizibo. Sidhani tofauti hii ni ya bure. Kifuniko ukishakiweka juu ya sufuria, kitafunika chenyewe hata mpishi akitoka kwenda kuchuma majani ya malenge. Chujio lisiposhikwa halichuji kitu. Siiti hiyo kanuni, maana ufunguo unaivunja: hauna -i-, na bila mkono haufungui mlango wowote. Lakini jikoni mwelekeo huo unaonekana.

Kichungi kimekwenda mbali zaidi. Kimeiacha -o kikachukua -i ya mwishoni, ile ya mpishi, mlinzi na msomi, ambayo Kiswahili huwapa watendaji. Neno la dukani limekipandisha chombo cheo: kimekuwa mchungaji aliyevishwa ki- ya vitu, anayeyazuia majani ya chai yasivuke kuingia kikombeni.

Baada ya majina haya yenye bidii, mwiko unashangaza. Ukiuchambua hukuti kitenzi ndani yake. Jina lake halikorogi, halipondi, haligeuzi. Umekaa tu katika ngeli ya mti, mchi na mpini, kana kwamba haujasahau ulikochongwa. Na ndio unaofanya kazi kuliko vyombo vyote. Katika jiko la Kanyakine mwiko mmoja utakoroga uji asubuhi na kusonga ugali jioni. Siku ya mukimo, mahindi, maharagwe, viazi na ndizi vikishaiva na maji kumwagwa, mpishi huibana sufuria kwa miguu, akashika mwiko mnene kwa mikono miwili na kuponda hadi majani ya malenge yaupake mchanganyiko wote rangi ya kijani. Kisha huulamba ncha kuonja chumvi. Chujio lingejaribu hata moja ya kazi hizo, jina lake lingelisuta. Mwiko haukufungwa na kitenzi, ndiyo maana hata fundi wa ujenzi amelichukua jina lake, akaliita hivyo bapa lake la kupakia saruji.

Lakini jina lisilo na kitenzi si jina lisilo na ukoo. Kama mti unavyozaa kijiti na mto ukazaa kijito, mwiko umezaa kijiko. Ondoa viambishi, itabaki -iko. Sasa chukua jiko. Wingi wake ni meko, na meko ni ma- iliyokutana na -iko ile ile. Wakikuyu, majirani wa Wameru wa Imenti, mahali pa moto wanapaita riiko. Sithubutu kuapa kwamba mwiko na jiko vilitoka tumbo moja. Ninachosoma ni umbo, na umbo linavikalisha pamoja: pa kupikia, cha kupikia, cha kulia. Kwa usomaji huo, chujio limepewa jina kwa kazi yake, mwiko kwa mahali pake.

Hata mwisho wao hautofautiani na majina yao. Chujio likitoboka halichuji tena, na limebaki na jina lisiloweza kulitimiza. Hutupwa nje ya nyumba. Mwiko ukipasuka hautoki jikoni. Mpishi huutazama mara moja, akausukuma chini ya sufuria, na -iko ikaingia katika -iko.