Resista Si Sensa

Juzi friza ya kulala ilitengenezwa barazani Kariakoo mchana kweupe, watu wakitazama ikifunguliwa mpaka ikafungwa. Niseme mapema ninaposimama: uchunguzi ulikuwa wa fundi hodari, matengenezo yalikuwa makosa matupu. Mtu aliyekwishajua kwamba sensa ya joto imeharibika alichukua resista ya kilo-omu 68, akailehemu mahali pa sensa, akafunga kifuniko cha bodi na kumkabidhi mama mwenye friza mali yake. Kioo kikaandika hasi 13. Kompresa ikanguruma. Waliosimama pale wakasifu.

Kabla ya hapo sina la kulaumu: fundi hakukimbilia kujaza gesi, alichomoa sensa kwenye bodi, akasafisha soketi iliyoshika kutu, akaizamisha sensa kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa na maji, na mita ikasoma kilo-omu 60 badala ya 33 hivi.

Kipimo hicho kilimaliza kesi. Sensa ya kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25 hupanda hadi 33 au karibu yake kwenye sifuri, na kufika karibu 90 kwenye hasi 18. Ya friza hii ilikuwa imepanda kupita kiasi, kwa hiyo bodi iliamini ndani kuna baridi kuliko ilivyokuwa kweli. Kioo kilipoonyesha hasi 18, samaki walikuwa kwenye hasi saba au nane, na kompresa ilikuwa imeshapumzika. Ndiyo maana yule mama alilalamika kwamba vibua alivyonunua sokoni Feri vilikuwa vinabonyea wakati namba ilikuwa nzuri.

Sasa tuje kwenye resista. Fundi aliulizia sensa kwenye maduka ya jirani, akaambiwa ya kilo-omu 10 imekwisha. Samaki walikuwa kwenye ndoo, mteja ana haraka, watu wanatazama. Hapo akapiga hesabu ambayo ni ya mtu anayejua kazi, na ndiyo inayoniuma. Hakuokota resista yoyote. Angeweka ya 90, bodi ingeona hasi 18 na kompresa isingewaka kabisa. Angeweka ya 10, kioo kingeandika 25 na mteja angeshtuka. Akachagua 68, kwa sababu bodi inaitafsiri kuwa hasi 13 hivi: joto kiasi cha kuifanya kompresa iendelee kusukuma, na baridi kiasi cha kumtuliza mwenye mali. Elimu yote ile ilitumika kutengeneza namba ya kumridhisha mtu.

Tuone namba hiyo inafanya nini. Bodi imepangwa ikate kompresa kwenye hasi 18. Resista haijui baridi wala joto. Itasema hasi 13 leo, kesho na mwakani. Kwa hiyo bodi haitakata kamwe. Kompresa inayokula wati 100 ikizunguka saa 24 inameza uniti 2.4 kwa siku, yaani uniti 72 kwa mwezi. Mtumiaji mdogo wa TANESCO ana uniti 75 kwa mwezi za bei nafuu. Friza peke yake imezila karibu zote, kabla hajawasha taa wala kuchomeka pasi. Mama yule ataona LUKU inakimbia, atalaumu mita, na hakuna atakayemwambia kwamba chanzo ni kipande cha resista kilichofichwa nyuma ya kifuniko.

Hayo ni ya pesa. Kuna la hatari zaidi. Umeme ukikatika kwa muda mrefu kisha ukarudi, sensa nzima ingeipa bodi joto halisi, kioo kingeonyesha hasi mbili au hata nyuzi nne juu ya sifuri, na taa nyekundu ya tahadhari ingewaka kwenye friza zenye taa hiyo. Mwenye nyumba angejua kwamba samaki wameyeyuka. Kwa resista, umeme unaporudi kioo kinaandika hasi 13 papo hapo. Samaki wanaganda upya, wanapikwa, wanaliwa. Vibua na jodari wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na histamini haiondolewi kwa kukaanga wala kwa kugandisha tena. Mtu anawashwa mwili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinamgonga, na familia inadhani ni mzio wa samaki.

Ndiyo maana nasema resista ile ni mbaya kuliko sensa iliyokufa. Sensa ikikatika kabisa, bodi nyingi za siku hizi hutambua, huandika alama ya hitilafu kiooni na kuiendesha kompresa kwa vipindi, dakika kadhaa kazi, dakika kadhaa mapumziko, hadi fundi aje. Watengenezaji waliiwekea friza njia ya kusema kwamba inaumwa. Fundi wetu aliziba njia hiyo. Hata kuunga dairekti, yaani kompresa moja kwa moja kwenye umeme, jambo ambalo nimelipinga kwenye safu hii tangu nianze kuandika, kuna unyoofu fulani: mteja anaambiwa achomoe mwenyewe, na hakuna kioo kinachomdanganya.

Najua utetezi wake, nimeusikia palepale: samaki wangeharibika. Si kweli. Friza iliyojaa, ikafungwa na isifunguliwefunguliwe, huhifadhi baridi kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Samaki wangerudishwa ndani na vipande vya barafu kutoka Feri, au kwenye friza ya jirani, na sensa ingetafutwa kesho yake. Tena si lazima iandikwe jina la friza. Sensa za viyoyozi zimejaa Kariakoo, na nyingi ni za kilo-omu 10 au 5. Uliza thamani, ipime kwenye kikombe kilekile cha barafu, funga kichwa chake kwa mpira wa joto na gundi isiyopitisha maji, iweke palepale ilipokuwa ya zamani. Unyevu wa pwani yetu ndio unaoua sensa nyingi, kwa hiyo kufunga huko usikufanye kwa haraka.

Na hapa lazima niwaseme wauzaji wa sensa hizo. Mteja akija na waya mweupe wa sensa mkononi, muuzaji anatazama rangi na umbo la soketi, anatoa unaofanana. Hamuulizi mtu kilo-omu. Ukiweka ya 10 kwenye bodi inayotaka ya 5, friza itakata kwenye hasi tano au sita na nyama italainika. Ukiweka ya 5 kwenye bodi ya 10, kompresa itaikimbiza hasi 28 ambayo huenda isiifikie kabisa. Soketi inaingia vizuri katika hali zote mbili. Mita ndiyo inayotenganisha, na mita ipo juu ya kaunta ya kila duka.

Mafundi wa Gerezani wa enzi za themostati ya mrija wasingefanya lile la juzi. Hawakuwa na kioo cha namba. Walikuwa na kikombe cha barafu, kipimajoto cha zebaki na uvumilivu, na friza haikutoka barazani mpaka kompresa iwe imewaka na kukata yenyewe mbele ya mwenye mali. Walipokosa kifaa cha friza yenyewe, walifunga themostati nyingine ya mrija kwenye waya wa kompresa: mwili nje, mrija ndani, na baridi halisi ndiyo iliyoamua.

Nchi hii imetoa mfano mkubwa kuliko wote wa kuheshimu kipimo cha friza. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa. Alichekwa, akashikilia alichokiona. Alipomuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Osborne aliagiza jambo lipimwe. Katika maelezo yao yaliyotoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, imo habari ya fundi wa maabara aliyepata majibu yaleyale ya Mpemba, lakini akaahidi kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Yule aliitaka namba aliyoizoea. Wa Kariakoo alitaka namba inayopendeza. Mpemba alisimama na namba iliyokuwepo, na ndiyo maana jambo lile mpaka leo linaitwa kwa jina lake.

Fundi wa Kariakoo ana mikono mizuri na kichwa kizuri. Kipimo chake cha barafu nimekisifu na sikifuti. Lakini amrudie mama yule, atoe resista, aweke sensa, wala asimtoze tena.

Nanyi wateja, kabla ya kulipa, dai sensa ya zamani mkononi mwako, kisha fanya jaribio moja. Friza ikishapoa, ifungue na uiache wazi dakika kumi ukitazama kioo. Namba ikipanda, kuna sensa inayopima. Namba ikiganda palepale, usilipe.