Mafundi wa Vimbwetani

Katika vyuo vikuu vya Tanzania, anatomia, yaani elimu ya maumbile ya mwili na mpangilio wa viungo vyake, kwa miaka mingi imefundishwa mahali pawili: katika ukumbi wa mihadhara, na kwenye vimbweta, yaani meza na viti vya zege vilivyojengwa chini ya miti, ambako mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu huwafafanulia wa mwaka wa kwanza yale waliyoyaandika asubuhi bila kuyaelewa. Mwanafunzi huyo, anayeweza kuitwa mkufunzi rika, ni fundi kamili, na ufundi wake unapotea kabla haujapata anayeusifu.

Nasaba yake ni ndefu. Katika vyuo vya Kurani vya mwambao, aliyetangulia humsikiliza aliye nyuma yake kabla mwalimu hajamsikiliza. Katika vyuo vya tiba vya Ulaya ya zamani, mhadhiri aliketi juu ya kiti kirefu akisoma maandishi ya Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki, mpasuaji akakata maiti, na mtu wa tatu mwenye kijiti akaonyesha kiungo kinachotajwa. Historia humsifu Vesalius, mwalimu wa anatomia, na kwa haki, kwa kuwa alishika kisu mwenyewe na mwaka 1543 akachapisha kitabu kilichoyasahihisha mengi ya Galen. Lakini yule mwenye kijiti, aliyesimama kati ya sauti ya kitabu na macho ya wanafunzi, hakumbukwi na mtu. Tangu Shule ya Tiba ya Dar es Salaam ilipoanzishwa mwaka 1963, vizazi vya madaktari wa nchi hii vimepita mikononi mwa warithi wake.

Ubora wa ufundi huu huonekana vizuri zaidi katika neva ya zoloto inayorudi, ambayo huwasumbua karibu wanafunzi wote. Zoloto ni kisanduku cha sauti kilichomo kooni, na neva hiyo, ambayo huiamrisha karibu misuli yake yote, ni tawi la neva ndefu iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Upande wa kushoto, tawi hilo halichipuki shingoni. Vagasi huteremka kwanza hadi kifuani, na hapo ndipo tawi linapojitenga, likapita chini ya upinde wa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha likapanda tena hadi kooni. Anayekariri huiandika njia hiyo kama ilivyo na kuisahau baada ya mtihani. Mkufunzi rika aliye fundi hamruhusu mwenzake akariri kabla hajauliza kwa nini neva izunguke hivyo, na jibu huanzia tumboni mwa mama: moyo wa kiinitete huumbika karibu na shingo, neva ikiwa imepita chini ya mishipa yake, na moyo unaposhuka kifuani huiburuta neva pamoja nao.

Kisha humleta twiga, ambaye hakuna Mtanzania asiyemjua. Mpangilio ni uleule, shingo ndiyo iliyorefuka, kwa hiyo neva ya twiga mkubwa husafiri zaidi ya mita 4 kwenda kifuani na kurudi, ilhali ubongo, safari inakoanzia, na zoloto, inakoishia, vimekaribiana sana. Baada ya twiga huja swali la mgonjwa ambaye sauti yake imekwaruza kwa wiki nyingi ingawa koo lake ni safi, naye mkufunzi huuliza daktari atazame wapi, kisha hunyamaza. Kunyamaza huko, kwa mtu anayelijua jibu na aliyetoka kulihangaikia mwaka uliopita tu, ndiko kugumu kuliko yote. Lakini mwenzake akifika mwenyewe kwenye kifua, upande wa kushoto, ambako uvimbe wa pafu huweza kuibana neva, hatalisahau jambo hilo hata akiwa peke yake katika hospitali ya wilaya usiku. Mhadhiri, kwa ujuzi wake wote, aliuvuka ugumu huu zamani mno hata hakumbuki mahali palipo na utelezi.

Leo vimbweta vingalipo na watu wangali wameketi, lakini kinachopitishwa kutoka mkono hadi mkono ni madesa, yaani muhtasari ulionakiliwa mara nyingi hata makosa yake yakazoeleka, pamoja na majibu ya mitihani iliyopita yanayotumwa kwa simu. Mahali pengine mifupa ya plastiki imeshika nafasi ya mifupa halisi, nayo ni laini na hufanana yote, wala mara nyingi haionyeshi vizuri ile mikwaruzo iliyoachwa na misuli ya mtu aliyefanya kazi, ambayo kidole kilichofundishwa vema kiliweza kuisoma. Anayejitolea kueleza huombwa awahi kwenye jibu, na akiuliza kwa nini huonekana anapoteza muda wa watu. Ufundi huu hauandikwi katika cheti chochote na mafundi wake huhitimu na kuondoka kila mwaka, hivyo hudumu tu ikiwa aliyefundishwa leo atafundisha mwakani. Na wanaoingia mwaka wa pili sasa, wengi wao, hawajawahi kufundishwa hivyo na mtu yeyote.